Saa za Dhahabu Zaingia Tanurini

Bei ya dhahabu imepanda hata imewapagawisha watu. Mwaka 2000 wakia moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31 na ushei, iliuzwa kwa wastani wa dola 280 hivi za Marekani. Mwezi wa Agosti 2020 ikavuka dola 2,000, na mwezi wa Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Wengi wetu hudhani habari hizi zawahusu mabenki na wachimbaji wa Migori na Kakamega tu. La, hasha! Zaihusu pia saa ya mkono ambayo babu aliiacha sandukuni.

Nayasema haya kwa kuwa mimi nami natafuta saa yangu ya kwanza ya dhahabu, ya zamani, ya kutiwa ufunguo. Katika kutafuta huko nimegundua kuwa mshindani wangu mkubwa si tajiri mwenye kukusanya saa. Mshindani wangu ni tanuri.

Tupige hesabu, msomaji. Saa nyingi za zamani za Uingereza ni za karati 9, maana yake dhahabu halisi ni sehemu 375 katika 1,000. Tuseme kasha la saa lina uzito wa gramu 8. Ndani yake mna gramu 3 za dhahabu safi. Mwaka 2000 gramu hizo zilikuwa na thamani ya dola 27 hivi, na hakuna aliyejisumbua kuivunja saa kwa ajili yake. Wakia ikifika dola 4,000, gramu zizo hizo zapita dola 380. Kama saa si ya jina kubwa, hapo mnunuzi wa vyuma chakavu atatoa bei kuliko mpenda saa. Kasha litayeyushwa, na mashine itatupwa.

Sonara mmoja alinionyesha saa ya namna hiyo. Mgongoni ilichorwa jina la mfanyakazi wa reli wa Uingereza na miaka aliyotumikia, maana huko ilikuwa desturi kumtunuku saa mtu anayestaafu. Sonara aliiweka kwenye mizani kabla hajaitazama kama inakwenda.

"Bwana, hii ni gramu tu," aliniambia.

Sikubaliani naye. Kiwanda cha Dennison cha Birmingham, kilichotengeneza makasha mengi ya namna hiyo, kilifungwa mwaka 1967. Kisha tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ikaleta sokoni mjini Tokyo saa ya mkono ya kwozi inayotumia betri, na saa za ufunguo zikaanza kupoteza soko. Dhahabu ya saa iliyoyeyushwa itarudi ikiwa pete au mkufu. Saa yenyewe hairudi, wala lile jina la mgongoni.

Basi anayeanza kununua afanyeje? Wahenga walisema, vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Kwanza fungua mgongo utafute mihuri. Ya Uingereza huwa na namba 375 pamoja na alama ya mji: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Saa za Uswisi za karati 18 zilipigwa muhuri wa kichwa cha mwanamke, Helvetia, hadi mwaka 1995, ulipokuja muhuri wa kichwa cha mbwa. Ukiona maandishi ya "microns", jua hiyo imepakwa dhahabu tu, na shaba ya manjano itachungulia pembeni ikilika.

Pili, tazama kama kasha limesuguliwa mno hata mihuri imefifia, na kama uso wa saa umepakwa rangi upya. Yote mawili hushusha thamani. Tatu, weka akiba ya fundi, kwa maana mafuta ya mashine hukauka hata kama saa ililala kabatini.

Mwisho, uliza bei mbili: bei ya gramu na bei ya saa. Zikikaribiana, unanunua saa ambayo thamani ya dhahabu yake inakulinda kwa kiasi fulani. Lakini dhahabu ipandayo yaweza kushuka, kwa hiyo usikope fedha ukidhani umefungua benki mkononi.

Kwa wale wenye saa za wazee wao, nina ombi moja. Kama shida imekubana, uza. Njaa haina adabu. Lakini kabla hujampa mwenye mizani, mwonyeshe kwanza fundi saa, usome na maandishi ya mgongoni. Tanuri halina haraka, litakungoja. Saa ikishaingia humo, hata mwenye dola 4,000 hawezi kuitoa.