Goma na Bukavu: Chombo cha kupuliza kisiachiwe fundi yeyote mwenye bisibisi

Mjini Goma, mtu ambaye pikipiki yake imekataa kuwaka hatembei mbali kabla ya kumpata fundi. Simu ikipasuka kioo, Birere kuna vijana wanaoitengeneza mwenyewe akiwa amesimama pale pale. Lakini saksofoni ya kanisa ikianza kuvujisha pumzi, au klarineti ya fanfari ikinyamaza kwenye sauti za chini, mwenye chombo anaanza kuuliza huku na huku: kwa mpiga gitaa, kwa fundi wa redio, kwa mtu anayemjua mtu mwingine kule Kigali. Mwishowe chombo kinapewa yule aliye karibu, mwenye bisibisi na gundi. Hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia.

Uaminifu wa fundi haupimwi kwa upole wa maneno yake, wala kwa sababu anasali kanisa moja na mteja. Unapimwa kwa jinsi anavyofanya kazi: anachoangalia kwanza, anachoandika, na anachokataa kufanya. Na kumtambua fundi wa namna hiyo kusiachiwe kila mpigaji peke yake. Ni kazi ya makanisa, fanfari na vikundi vya vijana kwa pamoja.

Kuna watakaouliza: watu wamehama, wengine walilala madarasani na chini ya mahema, bei ya unga imepanda, mbona habari ya saksofoni? Swali hilo ni la haki. Lakini kijana aliyekimbia Masisi au Rutshuru akiwa na klarineti mgongoni hakubeba mchezo. Alibeba kazi. Kwa chombo hicho anaitwa kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye sherehe za shule, na jioni anarudi na kitu cha kununua makala na sombe. Shamba lilibaki kijijini, mbuzi hawajulikani waliko, ila muziki ulitoka pamoja naye. Chombo kikiharibiwa na fundi asiyejua, familia hiyo inakosa njia ya mwisho iliyokuwa imebaki.

Na si pesa tu. Fanfari inayosindikiza jeneza inawapa wafiwa heshima ambayo vita viliwanyima. Watoto waliopoteza mwaka wa shule wanapata mahali pa kwenda mchana, mwalimu wa kuwaita kwa majina, na nidhamu ya kurudia zoezi mpaka liwe safi. Saksofoni moja mbovu inaweza kusimamisha kundi zima, maana mara nyingi ni moja tu.

Kongo si mgeni wa vyombo hivi. Jean Serge Essous, mpuliza klarineti na saksofoni kutoka Brazzaville, alikuwa miongoni mwa walioanzisha OK Jazz mwaka 1956. Manu Dibango wa Kameruni alipuliza saksofoni na African Jazz ya Joseph Kabasele. Verckys Kiamuangana alijulikana Afrika nzima kwa saksofoni yake. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nchi yenye historia kama hiyo haifai kufanya kumpata fundi kuwa jambo la bahati nasibu.

Kinshasa kuna mfano. Orkestra ya Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, ilianza na vyombo vichache ambavyo wapigaji walipokezana. Uzi wa violini ulipokatika, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Wengi wanapenda kusimulia habari hiyo kwa sababu ya ujanja wa ule waya. Lakini somo kubwa liko kwingine: maarifa ya kutengeneza yalikuwa ndani ya kundi lenyewe. Wapigaji walijifunza kufungua chombo, kukijua, na kukifunga tena. Fundi wa namna hiyo hawezi kutoweka na mali ya watu.

Hata hivyo, ujanja wa waya wa breki hauendi moja kwa moja kwenye vyombo vya kupuliza. Saksofoni ya alto ina vifuniko kama 25, na ndani ya kila kimoja kuna kidonge cha kitambaa kizito kilichovikwa ngozi, ambacho Wafaransa wanakiita tampon. Kazi yake ni kuziba tundu kabisa. Kimoja cha juu kikivuja kidogo tu, sauti zote za chini yake zinakuwa ngumu kutoka. Kwa hiyo mpigaji anaweza kulalamika juu ya tundu la chini, kumbe ugonjwa uko juu. Fundi asiyejua hilo atagonga, atakunja, atabana, na kuacha matatizo matatu mahali palipokuwa na moja.

Klarineti ina udhaifu wake. Nyingi za bei nzuri zimechongwa kwa mpingo, mti uleule wa Tanzania na Msumbiji ambao Wamakonde wanauchongea vinyago. Mpingo ni mgumu, lakini hauvumilii kubadilishiwa hali ghafla. Ukitoka kwenye unyevu na kuanikwa juani, unaweza kupasuka. Pale klarineti inapounganishwa kuna kizibo chembamba cha koki. Kikikauka na kuchanika, vipande vinacheza na pumzi inapotea. Hiyo ni kazi ndogo kwa anayeijua. Kwa asiyeijua, ndipo utepe wa plastiki na gundi vinapoingia.

Gundi ile kali inayogandisha vidole ndiyo adui wa kwanza. Vidonge vya ngozi hushikizwa kwa gundi inayolainika kwa moto, ili siku nyingine viweze kutolewa au kusogezwa vikae sawa. Vikibandikwa kwa gundi kali, fundi wa baadaye atalazimika kuvibandua kwa nguvu. Adui wa pili ni kipande cha mpira wa baiskeli kuwekwa mahali pa kidonge. Siku ya kwanza kinaziba. Baada ya muda kinanata, na kifuniko hakiinuki. Wa tatu ni mafuta ya kula au ya injini kwenye vyuma vidogo. Hapa Goma, vumbi la mawe ya volkano likikutana na mafuta hayo linakuwa kama msasa.

Basi fundi wa kuaminika anaonekana vipi?

Kwanza, anaangalia kabla ya kutaja bei. Anaingiza taa ndogo ndani ya bomba katika chumba chenye giza. Mwanga ukitokea chini ya kifuniko kilichofungwa, hapo ndipo panapovuja. Asiye na taa anaweza kutumia ukanda wa karatasi nyepesi, kama ile ya kuvingirishia sigara: anauweka chini ya kifuniko, anakifunga, anauvuta taratibu pande zote. Ukitoka bila kukamatwa, kidonge hakizibi. Anayetaja bei chombo kikiwa bado ndani ya mfuko anauza maneno.

Pili, anasema pia kilicho kizima. Vifuniko vinne vikiwa vibovu, vinne vibadilishwe. Anayesema “vyote vimekwisha” bila kuonyesha kimoja baada ya kingine aombwe kuonyesha. Na vipande vya zamani virudishwe kwa mwenyewe, hata kama havina kazi tena. Ni alama kwamba kazi ilifanyika kweli.

Tatu, anajua kusema hapana. Fundi anayekubali klarineti iliyopasuka, saksofoni iliyokanyagwa na filimbi iliyopinda, na kuahidi zote zitakuwa tayari kesho, hajui anachoahidi. Anayesema, “Hii koki naweza, huo ufa siwezi,” ameonyesha mpaka wake. Huyo apewe ile koki. Kazi ndogo ya kwanza ndiyo mtihani wa kazi kubwa ya baadaye.

Nne, chombo kinajaribiwa mbele ya watu wawili, fundi na mpigaji. Kipulizwe polepole kutoka juu mpaka sauti ya chini kabisa, bila kulazimisha. Kupuliza kwa nguvu kunaficha uvujaji. Sauti ya chini ikitoka kwa upole, kazi ni njema.

Upande wa mwenye chombo nao una wajibu. Kabla ya kukiacha, aandike namba iliyochorwa kwenye bomba na apige picha pande zote. Kinywa cha saksofoni, kile Wafaransa wanachokiita bec, abaki nacho kama fundi hakihitaji, maana ni rahisi kubadilishwa na cha bei ya chini bila mtu kugundua mpaka siku ya kupiga. Karatasi iandikwe hata kama fundi ni shemeji: kilichoachwa, kazi iliyokubaliwa, bei kwa dola au kwa franka, na siku ya kurudi. Malipo ya mbele yawe ya vipuri, yaliyosalia yalipwe baada ya kujaribu. Undugu hauvunjwi na karatasi. Mara nyingi karatasi ndiyo inayouokoa.

Ni haki pia kuwatetea mafundi. Wengi wanaoitwa wezi si wezi. Tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Kuagiza pakiti moja ya vidonge kutoka mbali kumekuwa safari ndefu. Wateja wanaleta chombo Jumamosi jioni wakikitaka Jumapili asubuhi. Wengine wanachukua chombo kilichotengenezwa na kulipa kwa ahadi. Fundi aliyebanwa hivyo ndiye anayeshika gundi kali, maana ndiyo iliyo mkononi. Jumuiya isiyolipa kazi nzuri isishangae kupata kazi mbaya.

Wengine wanasema dawa ni kuvuka mpaka: Gisenyi hadi Kigali, au kutoka Uvira kwenda Bujumbura. Kwa chombo cha thamani, huenda ikawa hivyo. Lakini nauli na malazi kwa mtu mmoja mwenye klarineti moja vinaweza kupita bei ya kazi yenyewe, na si kila mhami ana karatasi za kusafiria. Ni afadhali fanfari tatu au nne zikusanye vyombo vyao, zimtume mtu mmoja anayeaminiwa na wote, akiwa na orodha yenye namba za vyombo na barua ya makanisa. Na kabla ya kutoka aulize watu wa forodha karatasi inayohitajika, asije akatozwa wakati wa kurudi kama mtu anayeingiza mali mpya.

Hata hivyo, kabla ya kuangalia nje, watu waangalie kati yao. Wahami hawakuja na njaa tu. Walikuja na ufundi. Inawezekana fundi anayetafutwa na kanisa la Katindo analala sebuleni mwa familia ya mtaa wa pili, bila bisibisi zake, kwa sababu alikimbia mikono mitupu na hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani kwao. Redio za jamii zinasoma matangazo ya watoto waliopotea na vitambulisho vilivyookotwa. Zinaweza pia kusoma tangazo la kutafuta watu wanaojua kutengeneza vyombo vya muziki.

Kuanza hakuhitaji mradi mkubwa wala wafadhili. Kila fanfari iwe na daftari moja: chombo gani kilitengenezwa, na nani, kwa bei gani, na baada ya miezi mitatu kilikuwa katika hali gani. Fundi akikubali, daftari hilo lisomwe na makundi mengine. Sifa yake itatoka kwenye kazi, na mbovu hatapata nafasi ya kuharibu chombo cha kumi. Makundi yachangie sanduku moja la vipuri: vidonge, koki, chemchemi za vifuniko, mafuta mepesi yanayofaa. Na vijana wawili au watatu wenye mikono mitulivu, hasa waliozoea saa na simu, wakae karibu na fundi mzuri wajifunze. Makanisa yanaweza pia kwenda kuuliza INPP, ambayo tayari inafundisha kazi za mikono, kama kuna nafasi ya kuwasaidia vijana hao.

Uaminifu ukibaki siri ya mtu mmoja, kila mpya atajifunza kwa hasara yake. Ukiandikwa, unakuwa mali ya wote. Daftari linauzwa butiki yoyote, kwa bei ndogo kuliko kidonge kimoja cha saksofoni kilichobandikwa vibaya. Jumapili hii, baada ya ibada, viongozi wa fanfari wanaweza kulifungua ukurasa wa kwanza.