Mazembe wakija Kindu, sisi wamama tujipange



Hakuna habari nyingine hapa Kindu. Ukienda kuteka maji, ni mpira. Ukienda soko kununua sombe, muuzaji anakuuliza kwanza, "Siku ya yenga mtaenda?", ndipo akuambie bei. Ukipanda mtumbwi kutoka Alunguli kuja huku Kasuku, mpiga kasia anakutajia wachezaji wote kumi na moja kabla hamjafika katikati ya mto. Hata kwenye mkutano wetu wa siku ya tano, tulipokaa kuhesabu makuta ya likelemba, saa nzima ilikwenda kwa jambo ambalo halikuwa kwenye orodha yetu: AS Maniema Union na TP Mazembe.

Mama mmoja aliuliza kama gazeti letu la jamaa lina kazi gani na mambo ya mpira. Tulimjibu kwa maswali. Nani anafua jezi? Nani anapikia wageni wanaoshuka kutoka Kalima na Kibombo kuja kulala kwetu kwa ajili ya mechi? Nani anauza maji na karanga kwenye mlango wa uwanja? Na usiku, mtoto asiporudi, nani anasimama mlangoni? Akacheka, akasema, "Basi andikeni." Ndiyo tunaandika.

Kwanza, kwa nini mechi hii si mechi kama nyingine. Mazembe walianza Lubumbashi mwaka 1939, kabla wengi wa mama zetu hawajazaliwa. Wamechukua kombe kubwa la vilabu vya Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 walifika fainali ya vilabu vya dunia huko Abu Dhabi, na hakuna timu ya Afrika iliyowahi kufika hapo mbele yao. Inter ya Italia waliwafunga mabao matatu kwa sifuri, lakini siku ile nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni, hata sisi tusiowapenda.

Maniema Union yetu ni mtoto mbele yao. Ilizaliwa mwaka 2005. Lakini mtoto huyu amekua upesi. Katika msimu wa 2023 na 2024 alimaliza wa pili katika Linafoot, na aliyekuwa wa kwanza ni nani? Mazembe. Nafasi ile ya pili ilitupeleka mpaka makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, pamoja na Raja Casablanca, AS FAR na Mamelodi Sundowns. Majina hayo watoto wetu walikuwa wanayajua kwa redio tu. Mara moja wakasikia yakitajwa kwa pumzi moja na jina la Kindu. Mama mmoja mzee wa Mikelenge alituambia kwamba katika maisha yake alizoea kusikia Maniema ikitajwa kwa vita, kwa barabara mbaya na kwa ndege iliyochelewa. Safari hii ilitajwa kwa jambo jema. Ndiyo sababu mechi na Mazembe inauma na inapendeza pamoja: tunataka kumwonyesha mkubwa kwamba mdogo naye amekomaa.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko mechi inaanzia.

Reli yetu inashuka mpaka Katanga. Tangu siku za babu zetu, watu wa Kindu walipanda treni kwenda kutafuta kazi Lubumbashi, wakaoa huko, wakazaa huko, wengine wakarudi. Waliorudi walileta masanduku, na ndani ya sanduku jezi nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo hakuna avenyu ya Kindu isiyokuwa na mtu wa Mazembe, wale wanaojiita asilimia mia. Mwenzetu mmoja, mama wa mapacha, ameolewa na mmoja wao. Bwana yake alizaliwa Kamalondo, karibu na uwanja wa Mazembe. Juzi alitoa jezi yake, akaianika kwenye kamba mbele ya parsela, kila mpita njia aone. Mtoto wao wa mwisho akamuuliza, "Baba, wewe ni wa hapa ao wa kule?" Baba akajibu, "Mwanangu, tumbo langu ni la Kindu, linakula wali wa hapa. Lakini moyo ulijengwa mbele ya tumbo."

Tulicheka sana. Lakini mama wa mapacha alituambia kwamba mara iliyopita hawakucheka. Baada ya mechi alimtania bwana yake mbele ya wageni, bwana akakasirika, na nyumba ikakaa siku mbili bila salamu. Watoto walikuwa wanabeba maneno: "Baba anasema chumvi imeisha." "Mwambie baba yako chumvi iko pale pale." Siku mbili, kwa sababu ya watu ishirini na wawili wasiojua hata jina la parsela yao. Mwenyewe alikubali kwamba kosa lilikuwa la wote wawili. Mwaka huu wamepatana: utani ni ruhusa mpaka wakati wa chakula cha jioni. Sahani ikiwekwa, mpira umekwisha. Tunaona ni sheria nzuri, na kila nyumba yenye watu wa pande mbili inaweza kuichukua.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ni kubashiri mechi kwa pesa, wanachoita parifuti.

Mwenzetu mwingine alituruhusu kusema habari yake, bila jina. Msimu uliopita alikuwa ameweka pesa za shule za kijana wake wa sekondari chini ya godoro. Aliziuzia mchele miezi mitatu. Juma la mechi kubwa pesa zikatoka chini ya godoro. Baba wa mtoto alikuwa na uhakika, alisema timu yake haiwezi kushindwa, na siku ya kwanza ya kazi angerudisha mara mbili. Timu ilitoa sare. Kijana alirudishwa nyumbani na daftari zake, akakaa majuma mawili, na mtihani wa kipindi ukapita akiwa anabeba matofali kwa jirani. Mama hakumfukuza bwana yake na hakupiga kelele kwenye kartie. Lakini alituambia neno ambalo hatulisahau: "Mimi sikushindwa na Mazembe wala na Union. Nilishindwa na karatasi ndogo ya namba."

Bwana huyo si mtu mbaya. Tunamjua, anafanya kazi, anapenda watoto wake. Alijutia jambo hilo. Ndiyo sababu tunasema hatari iko kwa kila nyumba, hata zile zenye baba mwema, na sasa hata kwa vijana wetu wenye simu. Kwa hiyo tumepatana kama kikundi: kila mama mwenye pesa za shule, za dawa ao za kodi ya nyumba azilete kwenye sanduku letu siku ya posho, mbele ya mechi. Sanduku lina funguo tatu, na wenye funguo wanakaa avenyu tatu tofauti. Litafunguliwa siku mbili baada ya mechi, vichwa vikiwa vimepoa. Na bwana akiuliza pesa ziko wapi, mwambie ukweli bila kujificha: ziko kwa wamama. Mwanaume mwenye akili atashukuru. Wawili wamekwisha kututumia pesa zao wenyewe tuwatunzie, wakisema hawajiamini juma hili. Tunawaheshimu kwa kusema hivyo.

Jambo la tatu ni uwanja na mto.

Tunapenda uwanja wetu, Joseph Kabila Kabange, ukijaa. Lakini tukumbuke. Tarehe 11 Mei 2014, huko Kinshasa, kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Vita Club walicheza na Mazembe hao hao. Mwishoni vurugu ilizuka, watu wakakimbilia milango, na watu wapatao 15 walikufa kwa kukanyagana. Mwaka 2008 kule Butembo, mechi ya timu za mji ilivunjika kwa sababu ya maneno ya uchawi, na watu zaidi ya kumi walikufa, wengi wao wakiwa vijana wadogo. Waliaga nyumbani kama wetu wanavyoaga: "Mama, naenda kuangalia mpira, narudi."

Kwa hiyo tunaomba haya. Mtoto mdogo asiende bila mtu mzima anayemjua. Mkiingia tu, onyeshaneni mahali pa kukutana nje, kwenye mti ao kwenye meza ya muuzaji mnayemfahamu, kwa sababu simu inaweza kukosa mtandao siku hiyo. Mkae karibu na mlango. Mkisikia kelele za ugomvi, tokeni polepole na mapema, msingoje kuona mwisho wake. Na neno la uchawi lisitoke kwenye midomo yetu. Mlinda mlango akikosa mpira, amekosa mpira. Hakuna zaidi.

Wale wa Alunguli, ninyi mna mto wa kuvuka. Baada ya mechi kila mtu anataka kuvuka kwa wakati mmoja, na giza linaingia. Mtumbwi ukijaa, ngojeni wa pili. Bao lililofungwa halitabadilika kwa sababu umefika nyumbani nusu saa mbele. Na ambaye anaona jioni imemkuta, alale huku kwetu. Mama saba wa kikundi wamekwisha kusema wana mkeka na mahali.

Kwa wenzetu wauzaji, siku hii ni siku ya kazi. Tukumbuke somo la zamani. Kulikuwa na mechi iliyosogezwa siku moja mbele bila sisi kujua, na mikate ya mafuta ikabaki kwenye mabeseni. Tuliila wenyewe siku tatu. Safari hii tusikaange yote usiku. Tununue unga na mafuta pamoja, kwa bei ya jumla, tukaange nusu asubuhi, na nusu ya pili tukishaona watu wanaingia kweli. Karanga na maji haviozi, hivyo ndivyo vya kuongeza. Na hakuna kukopesha shabiki. Akishinda, furaha inamsahaulisha. Akishindwa, huzuni inamsahaulisha.

Tunamaliza na jambo moja ambalo wengi wetu hatukulijua. Mazembe wana timu ya wanawake. Mwezi wa Novemba 2024, kule Morocco, wasichana hao waliwafunga AS FAR bao moja kwa sifuri katika fainali, wakawa mabingwa wa vilabu vya wanawake vya Afrika. Wakongomani, wasichana kama wetu. Tulipoyasoma haya kwa sauti kwenye mkutano, mama mmoja alinyamaza. Binti yake ana miaka kumi na nne, anacheza pekupeku na kaka zake, na kila jioni mama anamwita kwa hasira aje aoshe sahani. Baadaye alisema, "Sahani ataziosha. Lakini kaka zake nao wataosha, halafu wote wataenda kucheza." Hatukupiga kura, lakini tulipiga makofi. Tunaomba tu shule na makanisa yaliyo na viwanja yafikirie saa moja kwa juma kwa ajili ya wasichana. Kama mpinzani wetu ametutangulia katika jambo hili, si aibu kumfuata.

Na tukishindwa siku ya yenga? Wazee walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Tutarudi nyumbani, tutapika, watu wa jezi nyeusi na nyeupe watatucheka mpaka sahani iwekwe. Tukishinda, tutacheka sisi, kwa sheria ile ile. Wachezaji wa Mazembe na wale waliosafiri nao ni wageni wetu. Mgeni wa Kindu hatupiwi jiwe, anapewa maji.

Matangazo: sanduku litapokea pesa siku ya posho baada ya soko, mahali petu pa kawaida. Wauzaji wakutane siku hiyo hiyo kununua unga. Wenye mikeka kwa ajili ya watu wa Alunguli waandikishe majina kwa mwandishi wa kikundi. Na yule mama aliyeuliza mpira una kazi gani na sisi, tumesikia amekwisha kununua tikiti mbili.

Tuonane uwanjani, wamama, na tuonane tena nyumbani salama.