Unaikimbilia Arusha? Aprili utakula nini?

Mambo ya mapenzi leo yapumzike kidogo, maana nina jambo la nyumbani limenikaa kooni.

Mjomba wangu, mtoto wa dada, kanipigia simu kutoka Maguu, kule milimani Mbinga. Ana miaka 22, kidato cha nne kamaliza, Kiingereza chake ni kile cha kuombea maji. "Mjomba," anasema, "mimi nahamia Arusha. Mshikaji wangu yuko huko, kila siku ananitumia picha. Tembo hao, simba hao, Wazungu hao. Mimi huku nitachuma kahawa mpaka lini?"

Nikamwambia sawa mjomba, kijana lazima atembee. Hela iko wapi? Hapo ndipo aliponitoa jasho. Anataka baba yake auze kipande cha shamba la kahawa, ipatikane nauli, kodi ya chumba na ada ya kozi ya kuongoza watalii. Na wa kwenda kumwombea kwa shemeji ni mimi!

Mnaoijua Umatengo mnajua uzito wa ombi hilo. Kule ardhi ya ukoo inaitwa ntambo, ule mgongo wa mlima unaokaa kati ya vijito, na kila nyumba ina sehemu yake. Karne ya 19 mababu walijibana huko juu wakiwakwepa Wangoni, wakalima kwa mashimo ya ngoro ili mvua isizoe udongo na kuupeleka bondeni. Baadaye nafasi ilipokuwa finyu, vijana wakashuka kufungua mashamba mapya kwenye ardhi ya chini. Kwa hiyo Mmatengo kuhama si ajabu. Ila hao walioshuka hawakuuza kule juu walikotoka.

Haya, tuje Arusha yenyewe. Sitaki unafiki, mji ni bomba. Safari nayo si mateso kama zamani, mtu wa kusini alipolazimika kuzunguka mpaka Chalinze. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, unapita Songea, Njombe, Iringa, unakata katikati ya nchi. Ukifika unaukuta Mlima Meru, mita 4,566, umekusimamia kichwani. Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko jirani tu na mji, ina nyati, twiga, mbega, na flamingo kule maziwa ya Momella. Baridi ya Julai? Mtoto wa Maguu ataicheka.

Lakini hebu nenda Ngarenaro au Unga Limited, uliza vijana mara ya mwisho wamemwona tembo lini. Wengi watakwambia tembo wanayemfahamu ni yule wa kwenye noti ya elfu kumi, na yeye haonekani kila siku.

Wanyama ni wa wote, ila kazi ya wanyama ina wenyewe. Kuongoza watalii kunataka leseni na lugha, tena lugha ya kujibu maswali. Mzungu hakuulizi "huyu ni ndege?" Anauliza ndege gani, anakula nini, anatoka wapi. Mwenye Kijerumani au Kifaransa anamtangulia mwenye Kiingereza, na mwenye cha kuombea maji anaishia kubeba mizigo Kilimanjaro, kilo 20 za watu wengine mgongoni. Simdharau mpagazi hata kidogo, ile ni kazi ya kiume na wanawake wamo. Ila ile picha ya mshikaji haikuonyesha mzigo.

Halafu kuna kitu ambacho picha haziwezi kukionyesha kabisa: kalenda. Watalii hujaa Juni hadi Oktoba, wakarudi tena kuanzia Desemba hadi Februari. Masika ya Aprili na Mei yakishuka, kambi nyingi zinafungwa, magari yanapakiwa, na vijana wanakaa kijiweni wakihesabu siku. Mwenye nyumba yeye hana masika, kodi ni ileile. Na mwaka 2020 corona ilileta masika ya mwaka mzima. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama laki 6. Wale waliokuwa na shamba kijijini walirudi kulima. Wasiokuwa nalo, Mungu ndiye anajua.

Mjomba hajaona pia kwamba miezi ya watalii ndiyo miezi ya kuchuma kahawa Mbinga. Huwezi kuwa kote kuwili. Ukifuata dola za Serengeti, mibuni ya baba inachumwa na vibarua. Tena kahawa yenyewe siku hizi si ile ya kudharau. Mwaka 2001 arabika ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili katika soko la dunia, na mkulima aliyechoka nayo hakuwa na wa kumlaumu. Februari 2025 ilivuka dola 4. Najua zote hazifiki mfukoni mwa mkulima wa Maguu, na bei ikipanda hushuka pia. Lakini kuuza mibuni wakati huu ili ukapige picha na tembo, mjomba, hapana.

Nimemwambia hivi: usiuze hata shina. Maliza ngoro na baba, maharage yakiingia ardhini chukua hela kidogo ya msimu uliopita, panda basi. Nenda Aprili, si Julai. Lala chumba kimoja na huyo mshikaji, tembea na matope, ulizia kazi wakati hakuna kazi. Ukiweza kula Aprili, Arusha unaiweza. Juni ukitaka kubaki, baki, na kahawa tutaitafutia mchumaji.

Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kumbe anawaza.

"Sasa mjomba, Aprili nitapiga picha na nani?"

Shemeji bado sijampigia.