Mtumishi wa Mungu ni Nani?

Katika sharika zetu za Mbeya na Iringa jina la "mtumishi wa Mungu" limepata wenyewe. Ni mchungaji, ni mwinjilisti, ni mhubiri mgeni anayepokelewa kwa kwaya mbili na vigelegele. Waliobaki wote huitwa waumini wa kawaida, na kazi yao ni kuhudhuria, kutoa sadaka na kuitikia Amina. Sisi tunasema wazi kwamba mgawanyo huu haukutoka katika Injili. Tena unawafaa wengi, maana utumishi ukifungiwa madhabahuni hautamfuata mtu sokoni wala jikoni kwake.

Tuanze na sokoni. Nyanda zetu zinalisha nchi: viazi vya Uporoto, mchele wa Usangu, nyanya na vitunguu vya Ilula. Na kila mkulima wa viazi anaijua lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, naye ametoa gunia na ziada. Sheria ya Vipimo imekataza jambo hili. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini miongoni mwa wanaonunua kwa lumbesa siku ya Jumatatu wapo walioimba nasi Jumapili, na huenda anayepunjwa ni mjane wa usharika uleule. Wapo pia wanaouza rejareja kwa kisado kilichobonyezwa kitako.

Nabii Amosi, katika sura ya nane, aliwakemea watu waliongoja kwa hamu Sabato ipite ili wafungue maghala, wapunguze kipimo na kupandisha bei. Hawakuwa wapagani hao. Walikuwa watu wa ibada, walioishika siku ya Bwana huku macho yao yako kwenye mizani.

Tutajibiwa kwamba biashara ni biashara: nikiikataa lumbesa, mwenzangu ataichukua, nami nitafunga duka. Hoja hii si ya kudharau, maana ushindani ni mkali na gharama za lori hazingoji. Lakini anayeisema anakiri kwamba Kristo ni Bwana mpaka pale anapoanza kugharimu. Tena kwa nini kila mmoja apambane peke yake? Mnunuzi mmoja anaweza kushindwa; wanunuzi ishirini wa sharika tatu wakipatana kununua kwa kilo, hawatashindwa kirahisi. Tunajua kuunda kamati za harusi na za ujenzi. Kamati ya mizani inatushinda nini?

Sasa twende jikoni. Kwa miaka mingi Iringa imetajwa nchi nzima kuwa mahali pa kupata wasichana wa kazi. Binti hutolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa cherehani, kisha hujikuta akiamka kabla ya jogoo na kulala wa mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya kila mwaka. Lakini katika nyumba nyingi za Wakristo, Jumapili familia nzima huvaa na kwenda kanisani, na binti huachwa apike ili waliomwabudu Mungu warudi kula. Mshahara wake "unatunzwa" na mama mwenye nyumba hadi hesabu ipotee. Yakobo, katika sura ya tano, anasema mshahara uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika mbinguni.

Kiswahili chenyewe kinatuumbua. Neno "mtumishi" tunampa mhubiri tukisimama kwa heshima, na neno hilohilo ni la yule anayefua na kuosha vyombo. Bwana wetu alipotaka kuwaonyesha wanafunzi maana ya utumishi, katika Yohana 13, alichukua beseni na kitambaa akaosha miguu. Alifanya kazi ya binti wa jikoni.

Wapo watakaosema tunawashusha wachungaji na wanakwaya. Sivyo. Neno lihubiriwe na kwaya ziimbe. Lakini historia yetu wenyewe inashuhudia kwamba kanisa halisimami kwa miguu ya wachungaji peke yao. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka huohuo, kisha wakapanda hadi kwa Wabena na Wahehe. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoitwaa nchi hii, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, wakaanza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Waskoti kutoka Nyasaland walisaidia, lakini kanisa la kila siku lilishikwa na walimu wa vijijini, wazee, na akina mama waliolima, wakauguza na kuwafundisha watoto sala. Kama utumishi ungekuwa mali ya wenye kola peke yao, leo tusingekuwa na sharika za kugombania.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Mafundisho ya kipaimara yafundishe mizani na mshahara kama yanavyofundisha Amri Kumi, maana ni jambo lilelile. Anayenunua kwa lumbesa au kuzuia ujira wa binti wa kazi asichaguliwe kuwa mzee wa kanisa mpaka atengeneze, hata kama bahasha yake ni nene. Na binti wa kazi apewe Jumapili yake, aketi kanisani benchi moja na mwajiri wake.

Mpaka hapo, tukiulizwa watumishi wa Mungu wa usharika wetu ni akina nani, tusikimbilie kutazama mimbari. Twende tukaangalie gunia, kisado na daftari la mishahara.