Kaisari Mwana wa Mtumwa

Wapo wanaoamini kwamba mtoto wa mnyonge akishika madaraka makubwa, basi unyonge umekwisha. Historia ya Pertinax, Kaisari wa Roma, yafaa kuwafikirisha watu hao.

Pertinax alizaliwa mwaka 126 baada ya Kristo huko Liguria, kaskazini ya Italia. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Kijana akapata elimu, akawa mwalimu wa sarufi; alipoona ujira wa ualimu haumtoshi, akaingia jeshini. Akapanda ngazi hata akawa gavana wa majimbo kadhaa, na mwisho mkuu wa mji wa Roma. Kaisari Commodus, aliyefuja mali ya dola kwa michezo na anasa, alipouawa Desemba 31, 192, mwana huyo wa mtumwa akakalishwa kitini akiwa na umri wa miaka 66.

Hazina aliikuta karibu tupu: sesterti milioni moja tu. Akavipiga mnada vyombo vya anasa vya Commodus. Akakataza jina lake lisiandikwe kwenye mali za kifalme, kwani, alisema, hizo ni mali za dola. Hakukubali mwanawe apewe cheo cha mrithi. Ardhi iliyolala bure akaruhusu itwaliwe na yeyote awezaye kuilima, bila kodi kwa miaka 10. Walinzi wa kasri akawakataza kuwapiga na kuwanyang'anya raia. Ni mtumishi gani wa umma asiyevutiwa na uongozi wa namna hiyo?

Hata hivyo, tusimtukuze kupita kiasi. Katika mnada ule waliuzwa pia watumwa. Mwana wa aliyekuwa mtumwa hakuugusa utumwa, nguzo ya uchumi wa Roma. Tena, nguvu zake zilitoka wapi? Kwa walinzi wale wale, aliowaahidi sesterti 12,000 kila mmoja ili wamkubali. Wakulima aliowafungulia ardhi hawakuwa na chombo cha kumtetea. Seneti ilimpenda, lakini haikuwa na panga. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyekuwa mjumbe wa Seneti hiyo, alimlaumu kwa kutaka kurekebisha yote kwa mara moja. Mimi naona kosa lilizidi haraka: alirekebisha peke yake.

Machi 28, 193, akiwa amekaa kitini siku 87 tu, askari wapatao 200 walivamia kasri. Mzee hakukimbia. Aliwakabili kwa maneno, nao wakaanza kuona haya, hata mmoja wao alipomrukia na kumchoma. Siku ile ile walinzi wakaupiga mnada ufalme wenyewe kambini mwao. Tajiri Didius Julianus akaununua kwa ahadi ya sesterti 25,000 kwa kila askari.

Kwa hiyo, tunapomsifu kiongozi aliyetoka chini, tusiishie kuuliza kazaliwa na nani. Tuulize anasimama juu ya mabega ya nani, na siku ya hatari nani atasimama naye. Uadilifu wa mtu mmoja ni jambo kubwa, lakini kidole kimoja hakivunji chawa.