Uchambuzi: Kwa nini mafuta mengi ya Ziwa Albert yatabaki ardhini

Uganda inajiandaa kuwa nchi inayozalisha mafuta, na matumaini yake yamevuka mipaka hadi Burundi, ambako uhaba wa petroli umedumu kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, ukubwa wa neema hiyo utategemea pia jinsi maji na mafuta yanavyogombea njia ndani ya mwamba.

Katika mtaa wa Musinzira mjini Gitega, kama ilivyo Muyinga, foleni kwenye vituo vya mafuta zimekuwa sehemu ya maisha. Burundi huagiza mafuta yake yote kutoka nje na kuyalipia kwa fedha za kigeni, ambazo ni adimu. Kwa anayesubiri kwenye foleni hiyo, habari kwamba nchi jirani ina takriban mapipa bilioni 6.5 chini ya ardhi ni faraja. Lakini kwa makadirio ya serikali ya Uganda, yanayoweza kutolewa ni mapipa bilioni 1.4 tu, yaani karibu pipa moja kati ya matano.

Hakuna ziwa la mafuta

Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa wahandisi. Mafuta hayakukusanyika kwenye shimo kubwa yakingoja kuchotwa. Yamo ndani ya vitundu vidogo mno vya miamba ya mchanga, na humo hayako peke yake. Maji yaliyotangulia kuwapo mara nyingi hung'ang'ania chembe za mchanga, huku mafuta yakishika nafasi ya katikati.

Vimiminika hivyo viwili vikisukumwa pamoja, kila kimoja humzibia mwenzake njia. Kadiri maji yanavyoongezeka, ndivyo njia ya mafuta inavyozidi kuwa nyembamba, hadi inakatika kabisa. Mafuta yanayosalia hugawanyika kuwa matone yaliyonaswa kwenye vitundu, na kuongeza maji hakutoshi kuyang'oa.

Maji hupenda njia ya mkato

Pamoja na hayo, maji hayaepukiki. Mafuta yanapotolewa, shinikizo ndani ya mwamba hupungua, hivyo maji hupenyezwa ili kulirejesha na kuyasukuma mafuta kuelekea visimani. Katika eneo la Kingfisher, linaloendeshwa na kampuni ya CNOOC ya China, mpango ni visima 31: 20 vya kuzalisha mafuta na 11 vya kupenyeza maji. Eneo la Tilenga, chini ya TotalEnergies ya Ufaransa, limepangiwa visima zaidi ya 400, na maji ya kupenyeza yatatoka pia Ziwa Albert.

Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, kiasi kwamba bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, Tanzania, litalazimika kupashwa moto. Pale mafuta yanapokuwa mazito kuliko maji yanayoyasukuma, maji huyapita, hutafuta njia nyepesi na kufika kisimani mapema. Tangu hapo kisima hutoa maji zaidi na mafuta kidogo mwaka hadi mwaka.

Nani anahesabu maji?

Hapo ndipo suala la kitaalamu linapogeuka kuwa la kisiasa. Maji yanayotoka na mafuta lazima yatenganishwe, yasafishwe au yarudishwe ardhini, na yote hayo ni gharama. Kwa mikataba ya kugawana uzalishaji, kampuni hurejesha kwanza gharama zake kabla ya faida kugawanywa na serikali. Kisima kinachozeeka kwa maji hupunguza hivyo fungu la taifa hata kama bei ya dunia haijashuka. Wavuvi wa pande zote mbili za Ziwa Albert, Uganda na Kongo, nao wana haki ya kujua maji kiasi gani yanachukuliwa na yanayorudi yako katika hali gani.

Serikali zinazokopa kwa kutegemea mapipa yajayo hazina budi kutangaza takwimu mbili kwa pamoja: mafuta yaliyotoka, na maji yaliyotoka nayo.

Somo kwa Gitega

Burundi nayo imewahi kuota ndoto hiyo. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba katika bonde la Rusizi, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, bila kupata mafuta ya kibiashara. Utafutaji ukirejea huko, swali la kwanza lisiwe mapipa mangapi yamelala chini, bali mangapi yatakubali kutoka, na kwa maji kiasi gani.

Kwa sasa, mafuta ya Hoima yatakuwa ghafi yanayoelekea Tanga kwa ajili ya soko la dunia, na kiwanda cha kusafishia ambacho Uganda imekipanga bado hakijajengwa. Foleni ya Musinzira itafupishwa kwanza na fedha za kigeni na mpangilio mzuri wa uagizaji, kabla ya kufupishwa na kisima chochote cha jirani.