Anasa ya Maji Moto Katika Mji Wenye Kiu

Imezuka katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam tabia ambayo haifai kunyamaziwa. Mtu aliyekwisha kujaliwa bwawa la kuogelea nyumbani kwake haridhiki. Huwaita mafundi wavunje ukingo wa bwawa hilo na kujenga ubavuni mwake birika la maji moto liitwalo jakuzi, lenye pampu ya kuchemsha mapovu na mtambo wa kupasha maji hadi yakaribie nyuzi 40. Na hayo hufanywa katika mji wa pwani ambao mwezi wa Februari joto la mchana hupita nyuzi 30, mji ambao wakazi wake hutafuta kivuli na upepo!

Wako watakaodai kwamba hayo ni mambo ya mtu binafsi, na kwamba kila mtu ana haki ya kutumia fedha zake apendavyo. Hoja hiyo hatuna budi kuipinga kwa nguvu zote. Fedha ni zake. Maji si yake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatamka kwamba maji yote ni ya umma, na kwamba Rais ameyashika kwa dhamana kwa niaba ya wananchi. Anayelipa ankara hulipia huduma ya kusafishiwa maji na kufikishiwa nyumbani. Hajanunua haki ya kuyafuja wakati jirani yake hana ya kupikia.

Na tufanye hesabu. Jakuzi la watu watano au sita huchukua kiasi cha lita 1,500. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kwa wananchi wa vijijini kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka makazi yao. Kwa hiyo birika moja la anasa limemeza haki ya watu 60 kwa siku nzima. Kwa mama anayenunua maji kwa dumu la lita 20, hayo ni madumu 75. Na bwawa lenyewe je? Lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.5 hujazwa kwa lita 48,000, yaani mgawo wa siku moja wa watu 1,920. Kijiji kizima!

Wala maji hayo hayajazwi mara moja yakatosha. Maji ya moto huruka mvuke upesi, klorini huisha nguvu mapema, na jasho la waogaji huyachafua. Kwa hiyo jakuzi lenye maji yake peke yake hapana budi limwagwe na kujazwa upya kila baada ya miezi michache. Likiunganishwa na bwawa, uchafu huo huhamia bwawani. Umeme nao ni hivyo hivyo. Kupasha lita 1,500 kutoka nyuzi 27 hadi 39 kwahitaji uniti 21, kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Mteja mdogo wa TANESCO aliye katika daraja la D1 hatakiwi kuzidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Starehe ya jioni moja imekula zaidi ya robo ya umeme wa familia hiyo wa mwezi mzima.

Tusijifanye tumesahau mwaka 2022. Mwezi Oktoba mto Ruvu ulipopungua kwa ukame, mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, iliyokuwa na uwezo wa lita milioni 466 kwa siku, ilishuka hadi lita milioni 300 hivi. Mgawo ukatangazwa. Je, ulimlemea nani? Mwenye simtanki kubwa na fedha za kuita boza alivuka salama. Mpangaji wa chumba kimoja alikesha na ndoo zake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye bwawa haijui foleni ya bombani.

Wengine hujitetea kwamba wana visima vyao. Maji ya chini ya ardhi hayajui ua wala hati ya kiwanja. Katika ukanda wa pwani, yakivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hujipenyeza na kuyatia chumvi, na chumvi hiyo huingia hata katika kisima cha jirani asiye na bwawa.

Wengine husema jakuzi ni tiba. Ni kweli kwamba asili yake ni tiba. Kule California, Candido Jacuzzi alitengeneza pampu ya kuchezesha maji kwa ajili ya mwanawe aliyeugua baridi yabisi, na mwaka 1956 kampuni ya ukoo wake ikaanza kuiuza. Birika la starehe lenye pampu ndani yake lilikuja mwaka 1968. Basi, kama ni tiba, mahali pake ni hospitalini, penye mtaalamu na wagonjwa wengi. Lisipotunzwa huzaa maradhi: mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwa maonyesho tu lilieneza vijidudu vya legionela vilivyoua watu wasiopungua 30.

Tena wako wanaojificha nyuma ya fundi, wakisema anapata riziki. Fundi huyo huyo ajenge matangi ya kuvuna mvua za masika, naye atalipwa vilevile.

Wala si kweli kwamba jambo hili haliwezi kudhibitiwa. Mwaka 2018 mji wa Cape Town ulipokaribia kufunga mabomba, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na kujaza mabwawa ya watu binafsi kwa maji ya mji kukapigwa marufuku. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba matabaka ya juu, yasiyofikia asilimia 14 ya wakazi, hutumia zaidi ya nusu ya maji ya mji huo. Huo ndio ubwanyenye wa maji!

Basi yafaa wenye mamlaka wachukue hatua kabla ya ukame mwingine. Bwawa na jakuzi viwe na mita yake na bei yake, kubwa kuliko bei ya maji ya kunywa. Siku mgawo utakapotangazwa, kuvijaza kuwe kosa. Na anayeomba kibali cha kujenga bwawa aonyeshe kwanza tangi lake la maji ya mvua. Maji ya Ruvu yafike kwanza jikoni kwa kila mwananchi. Yakibaki, ndipo tuzungumze juu ya mapovu.